Heike Kamerlingh Onnes: Mzee wa Leiden aliyeigeuza heliamu kuwa maji, na vijana waliosomea mkononi mwake

Heliamu inayotoka Ras Laffan, Qatar, si ya maputo ya sikukuu tu. Sehemu kubwa hugeuzwa maji, ikatiwa kwenye makontena maalumu na kusafirishwa hadi hospitali zenye mashine za MRI na maabara za fizikia za Ulaya, Marekani na Asia. Mtu wa kwanza kuigeuza gesi hiyo kuwa maji alikuwa Mholanzi mwenye afya dhaifu, mtoto wa mwenye kiwanda cha vigae. Aliitwa Heike Kamerlingh Onnes.

Tunamtaja leo kwa sababu moja. Kijana wa kwetu akisema anataka kufanya udaktari wa chuo katika fizikia ya majaribio, khasa hii ya maada za kwantamu, wazee humuuliza kwanza atakula wapi, kisha huo udaktari wenyewe ni kitu gani ikiwa hautibu mtu. Masuali hayo si mabaya. Maisha ya mzee huyu yanayajibu kwa kiasi, kwa uzuri na kwa ubaya wake.

Alizaliwa Groningen, kaskazini ya Uholanzi, tarehe 21 Septemba 1853. Chuo kikuu alikiingia 1870 hapo hapo mjini kwao, na mwaka uliofuata akavuka kwenda Heidelberg, Ujerumani, kwa Bunsen na Kirchhoff, mabingwa wa zama zile. Akarudi Groningen na kumaliza udaktari wake 1879, kwa utafiti juu ya ushahidi mpya kwamba dunia inajizungusha. Haikuwa na uhusiano wowote na baridi. Ndivyo yalivyo mambo haya: kinachobaki baada ya udaktari si mada, ni ile tabia ya kupima kitu mpaka ukakiamini.

Mwaka 1882, hajatimiza miaka 30, alipewa uprofesa Leiden. Siku ya kuingia kazini alisema wazi msimamo wake kwamba elimu ya fizikia inapatikana kwa kupima. Maneno hayo wengi wameyasema, lakini yeye aliyajengea karakana. Aliona kuwa hawezi kwenda kwenye baridi kali akiwa na mwanafunzi mmoja na meza moja. Alihitaji pampu, mabomba, vioo vya kuta mbili, mafundi wa chuma na wapuliza vioo. Basi akaifanya maabara kama kiwanda, na mwaka 1901 ikaanzishwa jumuiya ya kusomesha mafundi wa vyombo vya sayansi. Vijana hao walivaa makoti ya buluu, wakajifunza kazi huku wanaifanya. Skuli hiyo ipo Leiden mpaka leo. Kwa maoni yangu hili ni kubwa kuliko nishani zake zote, maana lilimfungulia mlango kijana ambaye chuo kikuu kisingemtazama.

Mambo hayakwenda wima. Maabara ilisimama pale pale ambapo mwaka 1807 meli iliyobeba baruti ililipuka na kubomoa mitaa ya Leiden. Watu wa mji hawakusahau. Mwaka 1895 waliposikia kuwa profesa anacheza na gesi zilizoshindiliwa, walipinga, na kazi ya baridi kali ikasimama hadi 1898 kibali kilipotoka. Miaka mitatu! Na mwaka huo huo wa 1898 mpinzani wake, James Dewar wa London, akaigeuza hidrojeni kuwa maji. Mtu mwengine angehamaki akakimbilia njia ya mkato. Yeye akaijenga mashine yake ya hidrojeni polepole, ikawa tayari 1906, nayo ilitoa maji hayo kwa malita wakati wengine wakihesabu matone.

Heliamu ilikuwa haba. Ndugu yake Onno, aliyekuwa ofisi ya khabari za biashara Amsterdam, alimsaidia kupata mchanga wa monazaiti kutoka Marekani, ukachomwa ili gesi itoke. Tarehe 10 Julai 1908 kazi ilianza saa 12 kasorobo alfajiri. Tayari walikuwa na lita 75 za hewa ya maji, wakatengeneza lita 20 za hidrojeni, kisha heliamu ikaanza kuzungushwa. Ikafika jioni, kipimajoto kimekwama, hakuna anayeona kitu. Profesa mmoja wa kemia aliyepita kutazama akashauri chombo kimulikwe kwa chini. Wakamulika, na maji yakaonekana: mililita 60 hivi, kiasi cha finjani ya kahawa, kwenye nyuzi kama 269 chini ya sifuri. Kwa miaka 15 iliyofuata hapakuwa na maabara nyengine duniani iliyoweza kufanya hivyo.

Sasa ndipo tunapofika kwenye maada za kwantamu, ingawa jina hilo halikuwepo. Wakati ule wanasayansi walibishana umeme utafanya nini ndani ya chuma kilichopoa kupita kiasi. Wapo waliodhani utaganda kabisa usipite, na wapo waliodhani kizuizi kitapungua taratibu. Onnes akachagua zebaki, kwa kuwa inaweza kusafishwa kwa kuchemshwa na kukusanya mvuke wake. Tarehe 8 Aprili 1911 fundi mkuu Gerrit Flim alishika mitambo ya baridi, Cornelis Dorsman akasaidia kupima joto, na kijana Gilles Holst akakaa chumba chengine chenye giza akisoma kipimo cha umeme. Kizuizi kikatoweka. Vipimo vya baadaye vikaonyesha kuwa hakipungui taratibu, kinaanguka ghafla karibu na nyuzi 4 juu ya sifuri kamili. Mwaka 1914 alionyesha kuwa umeme ukishaanzishwa ndani ya koili ya risasi unaendelea kuzunguka bila ya betri. Nadharia ya kuridhisha ya jambo hili ilikuja 1957, na ilitaka fizikia ya kwantamu. Sumaku za MRI hutumia umeme wa namna hiyo hiyo.

Hapa lazima tuseme na lile jengine. Ripoti za ugunduzi zilitoka kwa jina la Onnes peke yake. Wasaidizi walishukuriwa, lakini mwandishi alikuwa mmoja, na Nobeli ya 1913 akapewa yeye, kwa kazi yake yote ya baridi na heliamu. Ati ndiyo ilivyokuwa desturi ya maprofesa wa zama zile, na kweli ilikuwa. Lakini aliyekaa gizani akiangalia sindano ni Holst. Yeye alichukua udaktari wake Zurich 1914, akaenda Eindhoven kuanzisha maabara ya utafiti ya Philips na kuiongoza kwa miaka mingi, kwa hiyo hakupotea. Mwanafunzi mwengine, Pieter Zeeman, alimaliza udaktari kwa Onnes 1893, akafanya ugunduzi wake mwenyewe maabarani humo 1896, na Nobeli akaipata 1902, miaka 11 kabla ya mwalimu wake.

Kwa wazazi wanaouliza habari za leo: Uholanzi, anayefanya udaktari kwa kawaida ni mwajiriwa wa chuo, analipwa mshahara, na muda ni kama miaka 4 baada ya shahada ya uzamili. Uingereza ni miaka 3 hadi 4 kwa ufadhili. Marekani wengi huingia moja kwa moja baada ya shahada ya kwanza, na huchukua miaka 5 au 6 huku wakilipwa kwa kusomesha au kutafiti. Jirani yetu Saudia, chuo cha KAUST kule Thuwal kinawalipia ada na posho wanafunzi wake. Katika fizikia ya majaribio mara nyingi nafasi hutangazwa ikiwa na jina la profesa na kazi yenyewe. Kijana asisome jina la chuo tu. Atazame makala za karibuni za maabara hiyo aone majina ya wanafunzi yamekaa wapi, na awaandikie waliomaliza hapo awaulize mashine inafanya kazi siku ngapi kwa mwezi.

Onnes mwenyewe aliwafanyisha watu kazi kama baba wa zamani: mkali, mpole, hasahau mgonjwa, na haruhusu mtu kuzembea. Alistaafu katika miaka ya 1920, akafariki Leiden tarehe 21 Februari 1926. Miezi michache baadaye mrithi wake, Keesom, aliifanya heliamu kuwa jiwe, jambo ambalo mzee alilijaribu akashindwa. Inasimuliwa kuwa siku ya maziko mambo yalichelewa, jeneza likapelekwa mbio, na mafundi wake waliolifuata kwa miguu wakahema mpaka makaburini, wakinong'onezana kuwa mzee hata akiwa maiti bado anawakimbiza.