Tilman, Mzee wa Safari za Bahasha

Makomredi, wengine wenu mnakumbuka safari yetu ya Mlima Kenya mwaka jana. Mimi ndiye nilikuwa katibu wa mipango. Pesa zilipopungua, nilikata siku moja, ile ya kupumzika ili miili izoee hewa nyepesi. Tukatoka kambi ya mita 3,300 hadi Shipton's Camp, mita 4,200, kwa siku moja. Usiku mwenzetu mmoja akaanza kutapika, na asubuhi alikuwa anayumba kama mlevi. Tukamshusha. Kileleni hakufika mtu.

Tangu hapo nimekuwa na swali moja: watu wasio na pesa hupangaje safari ya mlima mrefu? Nilipotafuta Shipton huyo alikuwa nani, nikakutana na rafiki yake, na huyo ndiye amenikalia akilini.

Harold William Tilman alizaliwa Wallasey, Uingereza, mwaka 1898, baba yake akiwa mfanyabiashara wa sukari. Alikuwa afisa wa mizinga katika Vita vya Kwanza vya Dunia kabla hajafikisha miaka 18. Vita vilipoisha, akiwa na miaka 21, mdogo kwangu kwa mwaka mmoja, akaja Kenya. Serikali ya kikoloni ilikuwa inawagawia askari wa zamani mashamba kwa bahati nasibu, na yeye akashinda maili mraba moja kule Sotik, akalima kahawa. Hapa siwezi kupita kimya. Ardhi hiyo Wakipsigis walikuwa wamenyang'anywa. Uhuru wake wa kuzurura milimani ulianzia kwenye shamba la watu wengine.

Eric Shipton naye alikuwa mlowezi huku Kenya. Mwaka 1930 wawili hao walipanda Mlima Kenya kupitia ukingo wa magharibi, njia ngumu ambayo haikuwa imepandwa bado. Miaka mitatu baadaye Tilman akaondoka Afrika Mashariki kwa baiskeli, peke yake, akavuka bara zima hadi pwani ya magharibi.

Mwaka 1934 wakaelekea Himalaya. Wakati huo safari za huko zilikuwa kama jeshi linalohama, zenye mamia ya wapagazi na masanduku ya vyakula vya makopo. Hawa walikuwa watano tu: wao wawili pamoja na Masherpa watatu, Angtharkay, Pasang na Kusang. Walikula zaidi vyakula vya wenyeji, wakapenya korongo la Rishi Ganga hadi bonde lililozungukwa na milima chini ya Nanda Devi, ambako waliowatangulia walikuwa wameshindwa kuingia. Inasimuliwa kwamba kwao, safari isiyoweza kupangwa nyuma ya bahasha ilikuwa imeshakuwa kubwa mno.

Lakini msidhani mwili wake ulikuwa wa chuma. Mwaka 1935, katika msafara wa uchunguzi wa Everest, hewa nyepesi ilimsumbua, na kikosi cha Everest cha 1936 kilipoteuliwa, jina lake halikuwemo. Sisi tuliowahi kusoma orodha ubaoni tusijione tunaelewa hisia hiyo. Basi akaenda Nanda Devi na kundi dogo la Waingereza na Wamarekani. Tarehe 29 Agosti 1936, yeye na Noel Odell wakasimama kileleni, mita 7,816. Hakuna kilele kirefu kuliko hicho kilichopandwa hadi Annapurna mwaka 1950. Mwaka 1938 yeye mwenyewe ndiye aliyeongoza msafara wa Everest, wa watu saba na bajeti ndogo. Walipita mita 8,200, kisha theluji ikawarudisha.

Ile safari ambayo leo watalii huiita ya kambi ya chini ya Everest, yeye alikuwa miongoni mwa wageni wa kwanza kuifanya kutoka Nepal, mwaka 1950. Nchi hiyo ilikuwa ndiyo kwanza inafungua milango. Walikuwa watano, akiwemo mwanamke mmoja, Betsy Cowles. Hapakuwa na ndege ya kwenda Lukla. Walitembea kutoka mpaka wa India hadi Namche, mita 3,440, kisha Tengboche. Kutoka hapo Tilman na daktari Charles Houston walisonga mbele kando ya mto wa barafu wa Khumbu, wakapanda mteremko wa Kala Patthar kuchungulia Everest. Siku walizokuwa nazo zilikuwa chache na pumzi ilikuwa haba. Wakarudi na maoni kwamba upande huo hautii matumaini. Walikosea. Mwaka uliofuata Shipton aliongoza uchunguzi uliopata njia hapo hapo, na mwaka 1953 Tenzing na Hillary wakafika kileleni kwayo.

Baadaye Tilman aligeukia bahari, akizunguka na mashua hadi Patagonia na Greenland. Mwaka 1977, akikaribia miaka 80, alikuwa kwenye chombo kilichotoka Rio de Janeiro kuelekea visiwa vya Falkland. Hakikuonekana tena.

Nimejifunza nini? Kwamba nilikata kitu kisichokatwa. Tilman alipunguza masanduku, makopo na watu. Siku alizozikosa chini ya Everest zilimgharimu kama zilivyotugharimu sisi. Juu ya mita 3,000, wataalamu hushauri usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku, na upumzike siku moja kila baada ya siku tatu au nne. Tena wepesi wake ulibebwa na migongo ya Masherpa, kwa hiyo malipo ya wapagazi nayo hayakatwi.

Desemba tunarudi Mlima Kenya. Himalaya ingoje kwanza niajiriwe. Bajeti mpya nimeiandika nyuma ya bahasha: jiko moja badala ya matatu, nyama hakuna, fulana zenye nembo hakuna. Juu kabisa nimeandika usiku wa ziada katika kila kambi. Mwenzetu yule niliyemwonyesha kwanza aliisoma mara mbili, kisha akaandika jina lake.