George Westinghouse, mtu wa freni

Sisi watumikaji wa mine tunaona kila siku kamio zikivuta remorke nzito. Leo tukumbuke George Westinghouse, aliyezaliwa Marekani mwaka 1846, mtoto wa fundi wa mashini.

Zamani zile treni ilisimamishwa na vijana waliokimbia juu ya wagoni, wakikaza freni moja moja kwa mikono. Wengi walianguka wakafa. Mwaka 1869 Westinghouse akapata hati ya freni ya hewa: mashinisti peke yake akakamata wagoni zote. Lakini mupira ukipasuka, freni zilikufa. Miaka michache nyuma akaigeuza: hewa ikitoka, freni zinajikaza zenyewe. Njo akili ile tunaitaka kwa remorke: ikikatika na kamio, ijisimamishe.

Dawa ilikuwako, lakini kampuni nyingi zilichelewa kuitia kwa wagoni za mizigo, juu ya feza. Sheria ya 1893 njo iliyozilazimisha. Westinghouse alikufa mwaka 1914.

Ndugu zetu, bamama, tuelewe: fundi anatengeneza freni, lakini tusipodai sheria, mutumikaji anaendelea kufa.