Clara Schumann
Clara Schumann (jina la kuzaliwa: Clara Wieck, Leipzig, 13 Septemba 1819 – Frankfurt, 20 Mei 1896) alikuwa mpiga piano na mtunzi wa muziki kutoka Ujerumani.

Mwaka 1840 aliolewa na mtunzi Robert Schumann, ingawa baba yake alipinga hadi shauri likafika mahakamani. Walizaa watoto 8. Robert alipokuwa akitunga, Clara alilazimika kuacha mazoezi, kwa kuwa sauti ya piano ilimsumbua mumewe.

Mwaka 1854 Robert alipatwa na ugonjwa wa akili, akafariki mwaka 1856. Clara aliachiwa watoto 7. Aliwatunza kwa mapato ya maonyesho yake, akisafiri mara nyingi hadi Uingereza, lakini utunzi aliuacha karibu kabisa. Uzeeni aliwatunza pia wajukuu, watoto wa mwanawe Ferdinand.