Ar-Razi: Tabibu Aliyetenganisha Ndui na Ukambi

Abu Bakr Muhammad bin Zakariyya ar-Razi alizaliwa mji wa Rayy, karibu na Tehran ya leo, kiasi cha mwaka 865. Alisimamia hospitali ya kwao, na pia ya Baghdad.

Zama hizo mtu akishikwa na homa akatoka vipele, ndui na ukambi vilichanganywa. Ar-Razi akaandika kitabu kizima kuyatenganisha maradhi haya mawili. Alieleza kwamba maumivu ya mgongo huzidi kwenye ndui, ilhali wasiwasi na kichefuchefu huzidi kwenye ukambi. Maabara hakuna, darubini hakuna. Alimtazama mgonjwa, akamuuliza, akaandika aliyoyaona.

Jalinus, bingwa wa utabibu wa Kiyunani, alimheshimu sana, lakini hakuona haya kumkosoa pale wagonjwa walipoonyesha kinyume cha vitabu. Hata wagonjwa wa uvimbe wa utando wa ubongo, wengine aliwatoa damu na wengine akawaacha makusudi, apate kulinganisha.

Uzeeni alipofuka, akafariki kiasi cha mwaka 925. Maandishi yake yalitafsiriwa kwa Kilatini, Ulaya ikayasoma karne nyingi. Ndui ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980, lakini ukambi bado unaua watoto.

Na sisi je? Homa kidogo tu, mtu ashasema ni malaria, mbio dukani kununua vidonge. Vijana wenzangu, homa ni dalili, si jina la ugonjwa. Tukapimwe kwanza, ndipo tumeze dawa.