Edith Smith: Mjane aliyekuwa polisi wakati wa vita

VITA Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, mji mdogo wa Grantham nchini Uingereza uligeuka kuwa jirani wa kambi kubwa ya jeshi. Maelfu ya wanajeshi walipiga kambi katika eneo la Belton Park, na kila jioni walimiminika mjini kutafuta pombe na burudani. Makahaba waliwafuata, nao wasichana wa mji wakavutiwa na sare.

Jeshi liliona tiba kuwa kuwafungia wanawake. Mwishoni mwa mwaka huo, kamanda wa kambi alitoa amri ya kafyu iliyowahusu wao pekee, usiku kucha, wanaume hawakuguswa. Ajabu ni kwamba wanawake wa kujitolea waliovaa sare ya polisi ndio waliosaidia kuitekeleza, wakiingia nyumbani mwa watu kuhakikisha kwamba wanawake wamo ndani. Mapema mwaka wa 1915 chama chao kiligawanyika kwa sababu ya jambo hilo.

Ni katika mji huo ambapo Edith Smith aliletwa. Alizaliwa mwaka wa 1876 huko Oxton, karibu na Birkenhead. Alikuwa mjane, mama wa watoto wanne, na alikuwa amesomea ukunga. Waliomtangulia hawakuwa na uwezo wa kumtia mtu mbaroni. Iliwabidi kumwita askari mwanamume. Edith aliapishwa mwaka wa 1915, akawa mwanamke wa kwanza nchini humo kuwa polisi mwenye mamlaka kamili ya kukamata. Wizara ya Mambo ya Ndani ilishikilia kuwa sheria haikuruhusu mwanamke kuapishwa hivyo. Grantham haikusubiri ibadili nia.

Alizunguka mitaani, vichochoroni na kwenye kumbi za sinema. Aliwaonya wasichana, akawarejesha wengine kwa wazazi wao, na wale walioonekana kuwa watundu akawaandika kwenye orodha ya waliopigwa marufuku kuingia kumbini. Hata waume waliokuwa mbali walimwomba awachungie wake zao. Wengi waliokoka mikononi mwa walaghai kwa bidii yake. Hata hivyo, haiwezekani kuficha kwamba mwanajeshi aliyemfuata msichana hakuandikwa kwenye orodha yoyote. Kafyu ilikuwa imekwisha, lakini mzigo wa maadili ya vita bado ulibebwa na wanawake.

Mzigo wa kazi nao aliubeba mwenyewe. Alifanya kazi siku saba kwa wiki, akiwa mwanamke pekee katika kikosi hicho, hadi afya ikadhoofika. Alijiuzulu Januari 1918, miezi kadhaa kabla ya vita kumalizika, akarudi kwenye uuguzi. Nguvu zake hazikurejea. Mnamo Juni 1923 alijitoa uhai, akiwa na umri wa miaka 46.

Alizikwa Halton, Runcorn. Kwa miongo mingi kaburi lake halikuwa na jiwe lenye jina.