Kamau wa Nani?

Kila nipitapo Voi nikielekea Mombasa, nikauona mlima Sagalla umesimama mbele yangu, hunijia fikira ya asubuhi ya tarehe 14 Mei 1931. Asubuhi hiyo ndege ndogo aina ya Gipsy Moth, yenye injini moja na viti viwili visivyo na paa, iliruka hapo Voi, ikazunguka angani, kisha ikaanguka na kuteketea. Rubani wake alikuwa Denys Finch Hatton.

Huyu alikuwa Mwingereza wa ukoo wa makabaila, aliyezaliwa mwaka 1887. Alisoma Eton, kisha Oxford, na mwaka 1911 akaja katika nchi ambayo leo ni Kenya, akapata ardhi na kufanya biashara. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, vita ambamo Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914 na vilivyoleta njia ya reli kutoka Voi hadi huko, naye alipigana upande wa Waingereza akatunukiwa nishani. Baada ya vita akawa mwindaji mashuhuri, kiongozi wa misafara ya matajiri. Mwaka 1928, na tena 1930, alimwongoza mrithi wa ufalme wa Uingereza, aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Nane.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwindaji huyu aliwashutumu hadharani watu waliowapiga wanyama risasi kutoka ndani ya magari kule Serengeti, na aliwahimiza wageni wake washike kamera badala ya bunduki. Hata hivyo, safari yake ya mwisho ilikuwa ya kujaribu kama tembo wa nyika ya Voi waweza kutafutwa kutoka angani, ili wawindaji wasitaabike kuwafuata kwa miguu. Hifadhi ya Tsavo ilikuja baadaye, mwaka 1948.

Sifa zake zilienezwa na rafiki yake, Karen Blixen, Mdenmarki aliyekuwa na shamba la kahawa karibu na vilima vya Ngong. Bwana huyo ndiye aliyemfundisha Kilatini. Kitabu cha Blixen kilitoka mwaka 1937, nayo filamu iliyotokana na maisha yake ikatoka mwaka 1985. Finch Hatton alizikwa Ngong, na nduguye akamjengea mnara wenye maneno ya mshairi Coleridge.

Lakini katika ndege ile walikuwamo watu wawili. Wa pili alikuwa mtumishi wake, Mkikuyu aitwaye Kamau. Naye aliungua papo hapo.

Niliwahi kuwauliza wanafunzi wangu darasani ni nani aliyekufa Voi mwaka 1931. Wachache walimtaja Finch Hatton, na mmoja akamtaja mwigizaji wa Kimarekani aliyeuchukua uhusika wake katika filamu. Kamau hakutajwa na yeyote.

Mimi ni mtu wa lugha, na hapa lugha yatufunulia mengi. Enzi zile mtu mzima, mwenye mke na watoto, akimtumikia Mzungu aliitwa boi, yaani mtoto wa kiume. Neno hilo tumelipokea katika Kiswahili bila kulihoji. Tena, kwa desturi ya Wakikuyu, jina Kamau peke yake halijamtambulisha mtu, maana akina Kamau ni maelfu. Sharti useme Kamau wa fulani, ndipo ajulikane ni mwana wa nani. Masimulizi mashuhuri ya ajali ile yanatueleza cheo cha baba yake Finch Hatton, lakini Kamau yanamwita Kamau tu.

Sisemi tumfute Finch Hatton katika historia ya Taita Taveta. Maisha yake yana mafunzo, na mwalimu wa historia ayasomeshe. Ninalolisihi ni kwamba kila tusomapo maisha ya bwana mkubwa tuuliize pia ni nani aliyekuwa amekaa kiti cha pili. Wanafunzi watumwe vijijini, Sagalla, Mwatate na Taveta, wawasikilize wazee waliobaki, waandike majina ya wapagazi, wapishi na wafyatuzi wa njia, na kila jina lifuatwe na la baba.

Kamau wa nani? Swali hili ni dogo, nalo lina umri wa miaka zaidi ya tisini. Tusiliache lifike mia bila watoto wetu kufundishwa hata kuliuliza.