Daktari James Barry: Sababu Ilikuwa Digrii Tu?

Ndugu wanafunzi, sisi mainjinia tumezoea kuuliza sababu ya kila kitu. Basi tumwangalie Daktari James Barry. Alizaliwa Ireland yapata 1789, akaitwa Margaret Bulkley. Enzi hizo vyuo vikuu vya Uingereza havikupokea wanawake. Mwaka 1809 akavaa kiume, akabadili jina, akaingia Chuo Kikuu cha Edinburgh. Akahitimu udaktari 1812, mwaka uliofuata akajiunga na jeshi. Mwaka 1826, huko Cape Town, alimzalisha mama kwa upasuaji. Mama na mtoto wote wakapona, jambo la nadra sana siku zile. Mtoto akapewa jina la daktari. Barry alifariki London 1865, na mwanamke aliyeandaa maiti ndiye aliyetoboa siri.

Wengi husema alitaka digrii tu. Mimi hainiingii akilini. Digrii alishaipata, mbona aliishi hivyo miaka 53 zaidi? Naona sababu ya kuanza ni moja, ya kuendelea yaweza kuwa nyingine. Hata sisi, tukiulizwa leo kwa nini bado tuko ughaibuni, je, jibu letu ni lile tulilojaza kwenye fomu ya viza?